Ipi ndiyo Deperdussin ya kweli? Jibu kwa seremala wa Tanga

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni fundi seremala, niko Tanga. Nataka kuchonga mfano wa ile ndege ya Kifaransa ya mashindano, Deperdussin Monocoque, kwa kipimo cha moja kwa kumi, kila kitu cha mbao kama yenyewe. Nimepakua ramani tatu mtandaoni na zote zinagombana. Moja mabawa yake ni mafupi kuliko ya wenzake, nyingine mkia haufanani, na ya tatu ina maboya badala ya magurudumu. Zote zimeandikwa 1913. Nifuate ipi? Na mtu anayetaka kuzichunguza hizi ndege za mbio za zamani aanzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Umefanya jambo la maana kuuliza kabla ya kushika patasi. Mimi niliuliza baadaye. Miaka mingi iliyopita nilinunua ramani ya Curtiss, ndege ya Kimarekani ya mashindano, kwenye duka moja la vifaa vya kuchongea ndege, nikaichonga miezi minne, nikaipiga msasa na vanishi, nikaiweka sebuleni kwa mbwembwe. Siku moja nikakutana na picha nzuri ya ndege yenyewe ikiwa majini. Nikaitazama picha, nikaitazama kazi yangu, moyo ukanishuka. Aliyechora ile ramani alikuwa amechukua mabawa ya ndege ya 1925 akayapachika kwenye mkia wa ndege ya 1923. Kitu nilichochonga hakikuwahi kuruka popote duniani. Ninacho mpaka leo. Wajukuu wanakiita ndege, mimi nakiita ada ya shule.

Sasa hizo ramani zako tatu. Huenda hakuna hata moja inayodanganya. Kinachokusumbua ni lile jina. Tumezoea gari: ukisema Corolla ya mwaka fulani, vipuri vinajulikana, na ya Tanga haitofautiani na ya Moshi. Ndege ya mashindano ya wakati ule haikuwa hivyo. Ilitengenezwa chache, kwa mkono, na kati ya shindano na shindano mafundi waliikata mabawa, wakaibadilishia injini, wakaitoa magurudumu wakaivika maboya, na jina likabaki lilelile. Kwa hiyo usitafute "Deperdussin ya 1913". Tafuta ndege ya rubani fulani, mahali fulani, tarehe fulani. Ukishashika vitu hivyo vitatu, ramani zitaanza kujipanga zenyewe.

Tuchukue yako. Tarehe 9 Septemba 1912, huko Chicago, Jules Védrines alishinda Kombe la Gordon Bennett kwa Deperdussin, mwendo wa wastani ukiwa karibu kilomita 170 kwa saa. Tarehe 16 Aprili 1913, Monaco, Maurice Prévost akashinda shindano la kwanza kabisa la Kombe la Schneider, ambalo lilikuwa la ndege za majini, kwa Deperdussin yenye maboya. Halafu tarehe 29 Septemba mwaka huohuo, Reims, Prévost huyohuyo akachukua Kombe la Gordon Bennett: kilomita 200 kwa dakika 59 na sekunde 45.6, yaani wastani wa kilomita 200.8 kwa saa. Hii ya Reims ndiyo yenye mabawa yaliyokatwa mpaka upana wa mita 6.65 tu toka ncha hadi ncha. Ya majini ilihitaji mabawa marefu zaidi, maana maboya yana uzito na maji yanashika. Basi ramani yako yenye maboya ni ya Monaco, yenye mabawa mafupi ni ya Reims, na hiyo iliyobaki ningeishuku kuwa ya Chicago iliyoandikwa mwaka wa mwenzake. Zote ni Deperdussin Monocoque, na kichwani mwa zote ni mtu mmoja, mhandisi Louis Béchereau.

Hapohapo kuna mtego mwingine unaowanasa hata watu wenye elimu yao. Ukisoma orodha za washindi utaona Prévost kashinda Monaco kwa wastani wa kilomita 73.56 kwa saa. Miezi mitano baadaye huyohuyo kafikisha 200.8. Nimeona watu wakieleza kwa dhati kabisa kwamba maboya yaliipunguzia ndege mwendo kiasi hicho. Sivyo. Kozi ya Monaco ilikuwa kilomita 280, mizunguko 28. Prévost alipomaliza alitua kabla ya mstari wa mwisho, akauvuka akitambaa juu ya maji. Waamuzi wakamwambia kanuni inataka auvuke akiwa angani, arudi juu. Akakaa chini karibu saa nzima kabla ya kuruka tena, na saa ya waamuzi haikusimama. Aliyekuwa tishio kwake, Charles Weymann, injini ikamfia njiani, ndiyo maana Prévost akabaki na kombe pamoja na ucheleweshaji wote ule. Namba 73.56 ni sahihi, lakini haisemi lolote juu ya umbo la ndege.

Kwa hiyo kila ukikutana na tarakimu, iulize imepimwaje. Wastani wa shindano lenye kona si sawa na mwendo wa kunyoosha mbele ya wapimaji. Oktoba 1925, Baltimore, Jimmy Doolittle alishinda Kombe la Schneider kwa Curtiss R3C-2 kwa wastani wa kilomita 374 kwa saa. Kesho yake, kwenye mstari ulionyooka, akaweka rekodi ya 395. Tofauti ni kona na nguzo. Angalia pia maili na kilomita zisichanganywe. Na "nguvu ya farasi 160" ya injini yako, ile Gnome ya silinda 14, ni namba ya katalogi ya muuzaji. Ichukue kama unavyolichukua neno la muuzaji yeyote.

Tuingie kwenye mbao, maana hapo ndipo utakapofurahi. Wewe wa pwani unajua jahazi na mtumbwi. Jahazi lina mkuku na mataruma, na mbao za nje zinapigiliwa juu yake. Nguvu iko kwenye mifupa. Ndege nyingi za wakati ule zilikuwa na mifupa kama jahazi, miti na waya za kukaza, halafu kitambaa kikawambwa juu yake kama ngozi ya ngoma. Béchereau alifuata akili ya mtumbwi: ganda lenyewe libebe mzigo. Juu ya kalibu yenye umbo la samaki waligandisha tabaka tatu za mbao nyembamba za mti uitwao tulipier kwa Kifaransa, nyuzi za mbao zikipishana, kisha kitambaa kikagundishwa juu na kupigwa vanishi mpaka kukateleza. Ganda likatoka kama milimita 4 tu, jepesi, bila kona, bila waya za ndani. Ndiyo maana ya neno monocoque: ganda moja.

Kwa kipimo chako cha moja kwa kumi, ganda la milimita 4 linakuwa chini ya nusu milimita. Ukichonga gogo ukalitoboa kama mtumbwi utapata umbo, lakini hutapata ndege. Tengeneza kalibu, kisha gandisha vinia nyembamba kwa tabaka ukipishanisha nyuzi, kama wao. Utajifunza mambo ambayo ramani haikuambii: kwa mfano, kwa nini mkia umebanwa vile. Vinia haikubali kupinda pande mbili kwa mpigo, lazima uikate vipande vyembamba na kuvikubalisha kimoja kimoja. Mkono wako utafika pale mkono wa fundi wa Béchereau ulipofika.

Injini nayo ina kisa. Kwenye Gnome ya mzunguko, shafti imefungwa kwenye ndege, na injini nzima ndiyo inazunguka pamoja na propela, silinda zote 14, kama panga boi. Ilainishwe na nini? Mafuta ya nyonyo. Yanaingia, yanafanya kazi, yanatemwa nje kwa wingi. Bila kofia ya kuizingira injini, rubani angeoga nyonyo kozi nzima. (Sisi bibi alitupa kijiko kimoja tu na tulikimbia.) Kwa hiyo ile kofia ya mviringo na lile sufuria kubwa mbele ya propela si urembo wa kasi peke yake. Acha uwazi mwembamba wa duara kati ya sufuria na kofia, upepo wa kupoza injini ulipitia hapo. Ramani mbovu huuziba.

Usichonge vibawa vya ziada kwenye mabawa pia. Hii ndege haikuwa na vibawa vidogo vya kugeuzia kama za leo. Rubani alizungusha usukani uliokaa juu ya tao la mbao lililopita juu ya magoti yake, na waya zikayapinda mabawa mazima. Ndiyo sababu ya nguzo na waya juu ya bodi. Ukiona ramani ya Reims ina bawa lenye mstari wa bawaba nyuma, iweke pembeni.

Sasa, uanzie wapi? Anza na picha, ramani ije baadaye. Ramani nyingi zilizopo mtandaoni zimechorwa miongo kadhaa baada ya shindano na mtu aliyekuwa na picha mbili na rula. Nawe unaweza kupata picha hizohizo, na zaidi. Maktaba ya taifa ya Ufaransa ina hazina ya bure iitwayo Gallica, na humo kuna sahani za vioo za shirika la picha la Agence Rol, ambalo wapiga picha wake walikuwa Reims na kwingineko siku zenyewe za mashindano. Mara nyingi maelezo ya picha yana tarehe, mahali na jina la rubani, yaani vile vitu vitatu nilivyokutajia. Humohumo kuna jarida la L'Aérophile la miaka ile. Waingereza walikuwa na jarida la Flight lililoanza 1909, ambalo lilipenda sana kuchora vipande: kiti, goti la gurudumu, kiungo cha waya. Michoro ile ilichorwa na mtu aliyesimama mbele ya ndege. Kwa upande wa Chicago, Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka wazi picha za shirika la habari la Bain.

Tafuta kwa lugha ya wenyewe. Andika jina la rubani na la kiwanda, ongeza mwaka na mji. Ukiandika "Gordon Bennett" peke yake utaletewa maputo na magari, maana tajiri mwenye jina hilo alitoa makombe ya kila namna. Angalia na majina yanayofanana: Védrines wako wawili. Jules ndiye wa Chicago 1912. Wa Reims 1913, aliyeshika nafasi ya pili kwa ndege ya Ponnier, ni Emile. Nimeona picha ya Ponnier imebandikwa jina Deperdussin kwa kosa hilohilo tu. Na kiwanda chenyewe kilibadilika: Armand Deperdussin alikamatwa 1913 kwa udanganyifu wa fedha, kampuni ikaangukia mikononi mwa kundi la Louis Blériot, na herufi SPAD, kifupisho cha jina la kampuni, zikabaki huku maneno yake yakibadilishwa. Ukitafuta habari za Béchereau baada ya hapo utazikuta chini ya SPAD.

Ukishapata picha, fanya kazi hii ndogo. Chukua ukanda wa karatasi, uweke juu ya picha ya ndege iliyopigwa kwa mbele, tia alama mbili za penseli kwenye upana wa kofia ya injini. Sogeza ukanda kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili, uhesabu kofia ngapi. Rudia kwa picha ya Monaco, kisha rudia kwenye kila ramani yako. Huna haja ya kujua hata mita moja. Ramani ambayo hesabu yake ya kofia hailingani na picha yoyote, itupe. Baada ya hapo ndipo uingize vipimo: mabawa mita 6.65 ya Reims yanakupa sentimita 66.5 kwenye meza yako. Chagua picha ambayo mpigaji alisimama mbali, maana aliyesogea karibu hukuza pua na kufifisha mkia, na ndivyo ramani yako ya pili ilivyoweza kupata mkia wa ajabu.

Na rangi usiiamini picha. Sahani za zamani zilikuwa haziioni nyekundu, zikaitoa nyeusi. Buluu zikaitoa karibu nyeupe. Ndege za Macchi za Italia za miaka ya 1920, nyekundu kama damu ya mzee, kwenye picha za namna hiyo zinaonekana kama mkaa. Rangi itafute kwenye maandishi ya mwandishi aliyekuwepo.

Utaniuliza: si kuna ndege yenyewe kwenye makumbusho? Ipo, Deperdussin Monocoque inatunzwa Musée de l'Air et de l'Espace, Le Bourget, nje kidogo ya Paris, na picha za wageni zitakusaidia sana kwenye viungo vidogo. Lakini kitu cha makumbusho kina maisha yake baada ya shindano. Nenda Solent Sky, Southampton, utaona Supermarine, ndege ya Kiingereza ya mashindano, yenye namba N248. Ndege hiyo ilishindana 1929 ikiwa S.6, kwa ajili ya 1931 ikarekebishwa ikawa S.6A. Anayeipima leo akadhani amepima ndege ya 1929 amekosea, japo chuma ni kilekile. Ya Curtiss pia: R3C ilikimbia kwa magurudumu kwenye Kombe la Pulitzer Oktoba 1925 ikiitwa R3C-1, na wiki mbili baadaye kwa maboya ikiitwa R3C-2. Iliyoko makumbusho ya Smithsonian, Marekani, ina maboya.

Siku ukihamia ndege hizo za baadaye, kazi inakuwa rahisi upande mmoja, kwa sababu serikali ziliingia na serikali huandika. Ripoti za NACA, kamati ya Marekani ya utafiti wa ndege, zinapatikana bure kwenye hifadhi ya NASA. Waingereza walikusanya vipimo vya ndege zao za Schneider ya 1927 katika ripoti moja, namba 1300 ya mfululizo wao wa ripoti za utafiti, pamoja na majaribio ya handaki la upepo. Hataza nazo zinafaa, ila zisome ukijua kwamba zinaonyesha mtu alitamani nini, si alichojenga. Kitu cha kukufungua macho kwenye ndege hizo ni rejeta. Curtiss waliiondoa mbele ya upepo wakailaza juu ya bawa lenyewe, bati nyembamba la shaba nyeupe lenye mikunjo, maji ya injini yakipita ndani. Kwenye Supermarine S.6B ya mbunifu R. J. Mitchell karibu ngozi yote ya mabawa ilikuwa rejeta, na mafuta ya injini yalipozwa ubavuni mwa bodi na ndani ya mkia. Ndege zima limegeuzwa kipoza injini. Lakini hiyo ni kazi ya bati, si ya seremala.

Kabla sijasahau, usidhani hadithi hii iko mbali na huku kwetu. Kwenye Schneider ya pili, Monaco 1914, alikuwepo kijana mmoja, Lord Carbery. Ndege yake ya Morane-Saulnier iliharibika, akaazima Deperdussin, na hakumaliza. Bwana huyo baadaye alihamia Kenya, akajiita John Carberry, akawa na shamba la Seremai karibu na Nyeri. Ndege ya Vega Gull yenye herufi VP-KCC, ambayo rubani Beryl Markham aliivusha Atlantiki Septemba 1936 toka Abingdon mpaka Nova Scotia, ilikuwa mali yake. Na aliyemfundisha Markham kuruka, Tom Campbell Black, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Wilson Airways ya Nairobi kabla ya kushinda mbio za Uingereza hadi Melbourne 1934 pamoja na C. W. A. Scott kwa ndege ya Comet. Ukipata nafasi, ile Deperdussin ya kuazima ya 1914 ni ya kuchunguza. Ningeanza na picha za Agence Rol za mwezi Aprili.

Kwa sasa chagua Reims, 29 Septemba 1913, Prévost. Ndiyo yenye kumbukumbu nyingi na ndiyo fupi, nzuri, ya kutisha kidogo. Anza na kalibu ya bodi, kwa sababu umbo la bodi ndilo lisilotofautiana sana toka picha hadi picha. Kisha kofia ya injini, uihakikishe kwa ule ukanda wa karatasi. Mkia ufuate. Mabawa yaache mwisho kabisa, na unapoyakata, acha sentimita mbili za ziada kila upande mpaka uwe umeona picha tatu za siku ileile. Béchereau alikata mabawa mara nyingi. Hakuna aliyewahi kuyaunga.